Ziwa Lipi Lina Samaki? Namna ya Kuchagua Ziwa la Kuvulia katika Bonde la Rufiji

Kila mwaka, maji ya masika yanapopungua katika Mto Rufiji, maziwa kadhaa hubaki kandokando ya mto huo, yakiwa yametengwa nao kwa kingo za udongo na matete. Mtanza, Zumbi, Ruwe, Uba, Utunge na Ilu ni baadhi ya majina yanayojulikana sana kwa wavuvi wa bonde hilo. Tagalala, lililo upande wa juu zaidi, sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019. Mtu atokaye Utete, Ikwiriri au Kibiti na mshipi wake begani ana maziwa mengi ya kuchagua. Lakini achague lipi? Akiuliza kijijini ataambiwa jina la ziwa moja mwaka huu, na jina la ziwa jingine mwaka ujao, na wote waliomjibu watakuwa wamesema kweli.

Jambo hili si la bahati. Ni swali la fizikia, jiografia na baiolojia kwa pamoja, na kwa sababu hiyo lafaa kuchunguzwa darasani na katika safari ya masomo. Makala haya yanaeleza ni mambo gani yanayofanya ziwa moja la Rufiji liwe na samaki wengi wa aina mbalimbali, ilhali jirani yake, lenye maji mengi vilevile, likawa maskini.

Saa ya baridi na saa ya mafuriko

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi za kaskazini, kama vile Marekani, wapo wavuvi wengi wanaovua kwa kujifurahisha samaki aitwaye bass, na msimu wanaoupenda ni miezi ya Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapopukutika. (Hapa Afrika Mashariki samaki huyo ni mgeni: alipelekwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929.) Mvuvi wa huko huchagua ziwa kwa kutazama kipimajoto. Wakati wa kiangazi chao, maji ya juu huwa ya moto na mepesi, nayo ya chini huwa baridi na mazito, na matabaka hayo mawili hayachanganyiki. Tabaka la chini hupungukiwa na hewa ya oksijeni. Baridi iingiapo, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na ziwa zima hupinduka na kuchanganyika. Maziwa madogo yenye kina kifupi hupoa mapema, makubwa huchelewa. Mvuvi anayejua jambo hilo huhama kutoka ziwa hadi ziwa kwa kufuata baridi.

Sheria hizo hizo za fizikia zinafanya kazi Rufiji. Lakini Rufiji haina majira ya barafu wala ya kupukutika kwa majani yanayoweza kupanga maisha ya samaki. Saa inayopanga maisha yao ni mafuriko ya mto.

Maji ya Rufiji hutoka katika bonde lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000. Mito mikubwa inayoulisha ni mitatu: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Wengi hudhani kwamba Ruaha Mkuu, kwa kuwa ni mrefu na maarufu, ndio unaotoa maji mengi. Sivyo. Kilombero peke yake hutoa zaidi ya nusu ya maji yote. Mto huanza kupanda tangu Desemba au Januari, na aghalabu hufikia kilele chake mwezi wa Aprili. Kabla ya kuwekwa bwawa la umeme, ambalo tutalizungumzia baadaye, maji hayo yalipanda na kushuka kwa kadiri mvua ilivyonyesha huko juu, na katika miaka mingi yaliuvuka ukingo na kutandaa bondeni.

Warufiji wamejenga kilimo chao juu ya jambo hili. Mpunga ulisubiri maji ya mafuriko. Na maji yalipopungua, mahindi, maboga na kunde vilipandwa katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo kinachoitwa mlau. Mafuriko yalipokuwa makubwa mno yaliharibu, na ilikuwa baada ya mafuriko ya mwaka 1968 kwamba serikali iliwahamishia watu wengi wa bondeni kwenye ardhi ya juu katika Operesheni Rufiji. Lakini yalipokuwa ya kiasi, hakuna mkulima aliyeyaita maafa.

Kwa samaki ni hivyo hivyo. Maji yanapoingia katika nyasi na mashamba yaliyokauka, samadi, majani na wadudu huwa chakula. Vijimea vidogo huota kwa wingi katika maji mapya yenye mbolea. Samaki waliokomaa huacha mkondo wa mto na kwenda kutaga mahali penye utulivu, na watoto wao hukua haraka wakijificha katikati ya mimea. Mwaka 1989 mwanasayansi Wolfgang Junk na wenzake waliandika nadharia mashuhuri kuhusu jambo hili, wakiyafananisha mafuriko na mapigo ya moyo: mto hupanuka na kunywea, na uhai wa bonde hutegemea mapigo hayo. Walitumia sana mifano ya Amazoni, lakini mvuvi wa Zumbi asingeona jambo geni katika maandishi yao.

Kizingiti cha ziwa

Maziwa ya mabonde ya aina hii huzaliwa kwa njia mbili. Mengine ni mikondo ya zamani ya mto, iliyokatwa pale mto ulipojichimbia njia mpya. Mengine ni mabonde ya vijito vidogo ambavyo midomo yake imezibwa na udongo ulioletwa na mto mkubwa. Katika hali zote mbili, kati ya ziwa na mto kuna mahali palipo chini kuliko pengine kote kwenye ukingo, na hapo ndipo maji hupita. Tupaite kizingiti.

Kizingiti ndicho kiini cha makala haya. Tuchukue mfano wa kubuni. Ziwa la kwanza lina kizingiti kilicho meta 2 juu ya usawa wa mto wakati wa kiangazi. Ziwa la pili lina kizingiti cha meta 4. Mto ukipanda meta 3, ziwa la kwanza litaungana na mto, la pili halitaungana. Kwa hiyo ziwa la kwanza litapata samaki wapya karibu kila mwaka, na la pili litasubiri mwaka wa mafuriko makubwa, kama yale ya mvua za El Nino za 1997/98. Kati ya mwaka mmoja wa namna hiyo na mwingine huenda ikapita miaka mingi.

Hapa ndipo wageni wengi hudanganyika. Wanafika ziwani, wanaona maji yamejaa hadi kwenye matete, wanashusha vifaa. Lakini maziwa haya hupokea pia maji ya mvua na ya vijito vya karibu. Mvua nzuri ya vuli yaweza kulijaza ziwa pomoni bila tone moja la Mto Rufiji kuingia. Ziwa la namna hiyo limejaa maji, lakini halikupata samaki hata mmoja kutoka mtoni. Swali la kuwauliza wenyeji, basi, halihusu wingi wa maji. Yafaa kuuliza: mara ya mwisho mto uliingia humu lini, nao ulikaa siku ngapi?

Jibu lake linaweza kuthibitishwa kwa kutazama samaki wenyewe katika mitumbwi. Bonde la Rufiji lina samaki wanaohitaji mto ili wazaane au wakue vizuri. Mmoja ni samaki mpana, mwenye ubavu mrefu kwenda juu na rangi ya fedha, wa jamii ya Citharinus. Mwingine ni yule wa jamii ya Hydrocynus, mwindaji hodari, mwenye meno marefu yanayoonekana hata kinywa kikiwa kimefungwa. Huyu hupenda maji yaliyo wazi na yenye oksijeni ya kutosha, na ndiye anayetafutwa zaidi na wavuvi wa mshipi kwa sababu hupigana sana anaponaswa. Ukiwaona samaki hawa, tena wa umri mbalimbali, ujue ziwa liliungana na mto si zamani.

Ziwa likikaa miaka kadhaa bila kuungana, hao hupungua kidogo kidogo, kwa kuvuliwa, kwa kuzeeka na kwa kukosa watoto. Wanaobaki ni wale wasiohitaji mto. Wa kwanza ni perege wa Rufiji, ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis. Jike wake huyaatamia mayai kinywani na kuwalinda watoto humo humo. Hahitaji safari ya mbali ili azae. Wa pili ni kambale, ambaye juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa. Kambale anaweza kuishi katika tope ambamo samaki wengine hufa kwa kukosa pumzi. Mtu anayetaka kitoweo tu hatalalamika akipata perege na kambale. Ila mwalimu anayepeleka wanafunzi kuona aina za samaki wa Rufiji atakuwa amechagua vibaya.

Juni na Oktoba

Uchaguzi hutegemea pia mwezi wa safari. Juni na Julai, maji yakiwa yametoka kupungua, ziwa bora ni lile lililotengana na mto hivi karibuni. Samaki walioingia bado ni wengi, hali ya hewa ni ya kipupwe, na upepo wa kusi hutikisa maji kutwa nzima. Hata ziwa la kina kifupi linafaa wakati huo.

Oktoba mambo hubadilika. Tufanye hesabu. Tukichukulia kwamba jua na upepo huondoa milimeta 5 za maji kwa siku kwa njia ya uvukizi, basi kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Novemba, yaani siku 153, ziwa litapoteza milimeta 765, au sentimeta 76 na nusu. Ziwa lililokuwa na kina cha meta 3 halitaona tofauti kubwa. Ziwa lililokuwa na meta 1 litabaki na sentimeta 23 na nusu za uji wa tope. Samaki wake watakuwa wamesongamana, nao huonekana kuwa wengi kwa wiki chache, hata watu hulisifu ziwa hilo. Kisha huisha ghafula.

Zaidi ya kina, kuna suala la pumzi. Maji ya nyuzi 20 za Sentigredi yanaweza kushika miligramu zipatazo 9 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kiasi cha 7 na nusu tu. Wakati huo huo, samaki katika maji ya moto huhitaji oksijeni zaidi, kwa sababu mwili wake hufanya kazi kwa kasi. Hayo ni mapungufu mawili kwa mpigo.

La tatu halijulikani sana, nalo lapendeza kwa mwalimu wa fizikia. Uzito wa maji haubadiliki kwa usawa kila joto linapoongezeka nyuzi 1. Kati ya nyuzi 4 na 5, lita 1,000 za maji hupungukiwa na gramu 8 tu. Kati ya nyuzi 29 na 30, hupungukiwa na gramu zipatazo 300. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 1 katika ziwa la Rufiji hutenga matabaka kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 30 ya ile ya ziwa la baridi. Wakati wa maleleji, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijaanza, maji hutulia, jua huwaka, na tabaka la juu hukaa juu ya la chini kama mafuta juu ya maji. Chini oksijeni huisha. Usiku mwani nao, ambao mchana hutoa oksijeni kwa usanisinuru, huitumia kwa kupumua. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ukifika ziwani kabla ya jua kuchomoza ukawaona perege wakihema juu ya maji kwa midomo, ziwa hilo limechoka. Ondoka uende lenye kina zaidi, au lililo wazi kwa upepo.

Vipimo vya kufanywa na wanafunzi

Vifaa vinavyohitajika si vya ghali. Kipimajoto kifungwe kwenye kamba pamoja na chupa ndogo yenye kizibo kinachoweza kuvutwa kwa uzi. Chupa ishushwe, izibuliwe chini, ivutwe juu na kupimwa upesi. Joto la juu likizidi la chini kwa nyuzi 2 au 3 saa nane mchana, na tofauti hiyo ikawa ingalipo alfajiri, ziwa halichanganyiki. Tofauti ikiwa imetoweka usiku, lina nafuu.

Ung'avu wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, iliyobuniwa na padri na mwanasayansi Mwitalia Angelo Secchi mwaka 1865. Mfuniko wa ndoo wenye upana wa sentimeta 20 hivi, uliopakwa robo nyeupe na robo nyeusi kwa kupokezana, unatosha. Ushushwe kwa kamba yenye mafundo hadi usionekane, na kina hicho kiandikwe. Maji ya kahawia yenye udongo laini ni dalili kwamba mto umeingia karibuni, au kwamba upepo unakoroga tope la chini; maji mazito ya kijani ni ya mwani mwingi. Hapana budi kutazama vyote viwili, rangi na kina, maana kipimo kimoja peke yake hupotosha.

Kazi hizi zifanywe kutoka ndani ya mtumbwi imara wa mwenyeji, kamwe si kwa kuingia majini. Mamba na viboko wa Rufiji si hadithi, na kichocho kipo katika maji yaliyotuama yenye konokono. Kabla ya safari, uongozi wa kijiji na ofisa uvuvi wa wilaya waarifiwe, kwa kuwa uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na maziwa yaliyomo hifadhini hayavuliwi bila kibali. Na chambo hai kisihamishwe kutoka ziwa hadi ziwa. Tunaona uharibifu uliofuata kupandikizwa kwa sangara katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960; na katika mito ya pwani yetu, sato aliyeletwa kutoka kwingine amekwisha kuonyeshwa kuwa huzaana na perege wa asili na kuchanganya kizazi chake.

Wengine watauliza kwa nini tusumbuke na maziwa, wakati delta yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, ina samaki tele. Delta ni somo jingine. Huko saa ni kupwa na kujaa kwa bahari, chumvi hupanda na kushuka, na mikoko, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki, huwalea kambamiti na samaki wa baharini. Hata hivyo delta na maziwa hunywa kutoka mto mmoja.

Mto unapotulizwa

Mto huo sasa umebadilika. Katika maporomoko ya Stiegler, juu ya bonde tunalolizungumzia, ulianza kujengwa mwaka 2019 ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye mitambo ya umeme ya megawati 2,115. Kujaza bwawa kulianza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Hakuna haja ya kueleza faida ya umeme kwa msomaji anayesoma kwa taa. Lakini mitambo hupenda maji yatoke kwa kiasi kile kile, masika na kiangazi, na maziwa yana kizingiti.

Mwanafunzi afanye hesabu hii. Mto unaopitisha meta za ujazo 400 kwa sekunde kwa miezi tisa na 2,000 kwa miezi mitatu una wastani wa 800. Mto unaopitisha 800 mwaka mzima una wastani huo huo, na maji yanayofika baharini ni yale yale. Tuseme ziwa fulani huungana na mto unapofika 1,500. Katika mto wa kwanza litaungana kila mwaka; katika wa pili halitaungana milele. Wastani haukubadilika hata kidogo, na ziwa limekatika.

Tena bwawa huzuia udongo. Maji yatokayo bila udongo huchimba sakafu ya mto, na sakafu ikishuka, ni sawa na kizingiti kupanda. Wala haina maana kwamba mafuriko yamekwisha: Aprili 2024, bwawa likiwa tayari limejaa, mvua za El Nino zilileta maji yaliyofunika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mafuriko makubwa mno bado yanaweza kupita. Yaliyo hatarini ni yale ya wastani, ya kila mwaka, ambayo samaki na mlau vilizoea.

Kwingine jambo hili limeshughulikiwa. Katika Mto Senegal, baada ya bwawa la Manantali kumalizika mwaka 1988, maji yamekuwa yakiachiliwa makusudi katika baadhi ya miaka ili kufurikisha mashamba ya bondeni. Kufanya hivyo Rufiji kunahitaji kujua ni maji kiasi gani yanayofikia kizingiti cha kila ziwa, yafike mwezi gani, na yakae siku ngapi. Shule iliyo karibu na ziwa inaweza kuanza na nguzo moja ya mti mgumu iliyosimikwa mahali pa kizingiti, yenye alama za rangi kila sentimeta 10, na daftari lenye safu nne: tarehe, usawa wa maji, mto umeingia au la, na aina za samaki zilizoonekana katika mitumbwi ya siku hiyo.